Sauti na tahajia za Kiembera: maswali mnayouliza kila mara

Maswali haya yanakuja karibu yale yale, hasa kutoka kwa watu wanaopenda lugha na wale wanaotaipu majina ya Kiembera kwenye makala zao alafu wanakwama kwenye herufi, kwahiyo nimeyajibu hapa kwa pamoja. Mengine nimejibu kwa kirefu kwasababu ndio yanasumbua watu, mengine mafupi tu.

Kiembera kinaongelewa wapi?

Panama na Kolombia. Upande wa Panama Waembera wako zaidi Darién, kwenye mito kama Sambú na Chucunaque, na tangu 1983 wana eneo lao linalotambulika kisheria pamoja na ndugu zao Wawounaan, linaitwa Comarca Emberá-Wounaan, makao yake makuu yako Unión Chocó. Sensa ya Panama ya 2010 ilihesabu Waembera zaidi ya 31,000. Upande wa Kolombia ndiko waliko wengi, jimbo la Chocó kwenye mito ya Atrato, Baudó na San Juan, alafu Antioquia, Córdoba, Risaralda, Valle na kushuka hadi Cauca na Nariño. Kuna kikundi kidogo pia Esmeraldas, kaskazini mwa Ekwado. Na siku hizi utakisikia hata Bogotá mjini, maana vita vimewafukuza wengi kwao, 2021 mamia ya familia walipiga kambi kwenye bustani ya taifa pale katikati ya jiji.

Hivi ni lugha moja au ni lugha nyingi?

Inategemea unamuuliza nani. Wanaisimu wanaziorodhesha kama lugha kadhaa zilizo karibu karibu: Kiembera cha kaskazini, Katío, Chamí, Tadó, Baudó na Epena. Wenyewe wengi wanaona ni usemi mmoja wenye ladha za mito tofauti. Mto kwa Kiembera ni do, na watu wa mtoni wanaitwa dobida, watu wa milimani eyabida, na mtu akikwambia yeye ni dobida au eyabida tayari ameshakudokeza anaongea vipi. Mtu wa Darién na mtu wa Dabeiba kule Antioquia wanaelewana bila shida kubwa, lakini ukimchukua wa Darién ukamweka na wa pwani ya Nariño hapo kazi ipo.

Kiwounaan ni ndugu wa karibu, ukoo mmoja wa lugha za Kichocó, ila hicho ni lugha nyingine kabisa, msichanganye kwasababu tu ya jina la comarca.

Vokali ziko ngapi?

Sisi tuna tano tumezoea. Kiembera kina sita za mdomoni, a e i o u na moja ya ziada inayoandikwa ʉ, alafu kila moja kati ya hizo sita ina pacha wake anayetoka puani, ã ẽ ĩ õ ũ ʉ̃. Jumla 12. Zile tano za kawaida zisome tu kama za Kiswahili, hutakosea sana.

Hiyo ʉ inatamkwaje?

Sema "i" ndefu, usibadilishe midomo, iache imetanuka vile vile. Sasa rudisha ulimi nyuma polepole kama unaelekea kwenye "u" lakini midomo usiichongoe, hapo ndio kosa la wengi, ulimi ukirudi tu midomo nayo inataka kujikunja. Ikijikunja umeshatoka, umesema u. Simama mbele ya kioo ujiangalie midomo, inasaidia kweli. Neno la kuanzia nalo ni mʉ, "mimi".

Kuna machapisho hasa ya zamani utakuta wameandika ʌ badala ya ʉ, na wanaisimu wanapenda ɨ. Sauti ni ile ile, msidhani ni vokali tatu.

Kile kiwimbi juu ya herufi kina kazi gani? Nikikiacha kuna shida?

Kuna shida tena kubwa, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mtu anayegusa maandishi ya Kiembera alishike. Kiwimbi kinasema hewa ipite na puani. Sio alama ya mkazo, na ã ni herufi nyingine, sio a iliyovalishwa kofia.

Waswahili tuna vokali za puani ila hatuziandiki. Mtu akikusimulia kitu na wewe unaitikia "ehee" kuonyesha unamfuata, sikiliza vizuri, ile e inatoka puani, ndio ẽ yenyewe hiyo. Sisi tunaitumia kwenye viitikio tu, haiwezi kubadilisha maana ya neno. Kwa Waembera inabadilisha.

Mfano wa karibu kabisa: -rã yenye kiwimbi ni kiambishi cha wingi. Sasa kuna -ra isiyo na kiwimbi, hicho ni kiambishi kingine kabisa, kinashikamana na nomino kuonyesha nafasi yake kwenye sentensi. Ukifuta viwimbi vyote, kama gazeti nyingi na fomu za serikali zinavyofanya, vile viambishi viwili vinakuwa kitu kimoja machoni na msomaji anabaki kukisia kama ni mtu au ni watu. Anayeijua lugha atakisia vizuri mara nyingi, kweli, lakini mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza kusoma kwa lugha yake atakisia kwa msaada gani?

Alafu kuna tabia moja tamu ya hizi vokali. Upuani haukai pale pale ilipo herufi, unatiririka kwenda mbele ukikutana na sauti laini kama r na w, na unakwama ukigonga sauti kavu kama s, t au k. Wẽra maana yake mwanamke, kiwimbi kiko juu ya e peke yake lakini ukimsikiliza mtu akitamka, r na a ya mwisho nazo zimeshaingia puani. Ndio maana tahajia hazikubaliani ni herufi ngapi ziwekewe kiwimbi kwenye neno moja. Wengine wanaweka pale upuani unapoanzia tu, wengine wanaweka kila mahali unaposikika. Na mara nyingi baada ya m au n hawaweki kabisa, kwasababu baada ya hizo vokali inatoka puani yenyewe. Angalia namba tano, ambayo kwa Kiembera ni juasoma, ile a ya mwisho haina alama na haihitaji.

Mbona Wahispania wanaandika Emberá na m, wenyewe wanaandika Ẽbẽra bila m?

Swali zuri na jibu lake liko hapo hapo juu. Neno linaanza na ẽ ya puani, alafu b. Hewa ikiwa bado inapita puani na midomo inafungwa kwa ajili ya b, katikati pale kinazaliwa kamlio ka m. Mhispania hana vokali za puani kwenye alfabeti yake, akasikia "emb", akaandika alichosikia. Hakudanganya, ile m inasikika kweli, ila ni matokeo ya ẽ. Anayeandika Ẽbẽra ameandika chanzo, anayeandika Embera ameandika matokeo. Utakuta pia Ẽbera yenye kiwimbi kimoja, ni ile tofauti niliyoisema, tuweke kila mahali au tuweke mwanzo tu.

Ile á yenye mkwaju kwenye Emberá ni sheria ya Kihispania ya kuonyesha mkazo uko mwisho.

Ile b iliyokatwa mstari, na d, ni typo?

Hapana! Hizo ƀ na đ ndio roho ya mfumo wa konsonanti za Kiembera na wengi wanazipita wakidhani printa imekosea. Jamani ngoja nizielezee taratibu.

Kwa midomo peke yake Kiembera kina vipasuo vitatu, yaani sauti ambazo hewa inazibwa kwanza alafu inaachiwa ghafla. Cha kwanza p, inatoka na mpumuo, ukiweka kiganja mbele ya mdomo unasikia upepo. Cha pili b ya kawaida, kama ile ya kwenye "mbuzi" ukiiondoa m. Cha tatu ƀ, hii hewa badala ya kusukumwa nje inavutwa ndani kidogo, koromeo linashuka alafu midomo inaachia. Ulimi na meno nao wana watatu wao, t, d na đ, kwa mpango ule ule.

Sasa Mswahili hapa ana bahati ambayo Mhispania hana. Mtu aliyekulia Unguja au Mombasa akisema "baba" au "dada" kwa kawaida yake, bila kujisikiliza, anavuta ndani. Weka vidole viwili kwenye koromeo useme "baba", alafu useme "mbaba". Kwenye ile ya kwanza koromeo linashuka, kwenye ya pili linatulia, kwasababu b yetu ikitanguliwa na m haivutwi tena. Kwahiyo zote mbili unazo mdomoni tayari, ƀ ni ya "baba" na b ni ya "mbaba". Tofauti ni kwamba sisi hatuna maneno mawili yanayotofautishwa na hilo peke yake, kwahiyo hatukuhitaji herufi mbili, wao wanahitaji.

Na mpumuo pia tunao. Kwa watu wa pwani kaa la moto halina mpumuo, kaa wa baharini anao. Paa la nyumba halina, paa wa porini anao. Tembo la mnazi halina, tembo mwenye mkonga anao. Kiswahili sanifu kiliamua kuandika vyote sawa na tunaishi hivyo, tunategemea muktadha, na watoto wa bara wengi hawasikii tena tofauti. Naliweka hapa kwasababu huwa naulizwa "kwani wasiandike b tu, si wataelewana?" Sisi wenyewe tuliacha kuandika mpumuo na ukaanza kupotea midomoni. Mimi siwezi kumshauri mtu mwingine afanye hivyo na lugha ambayo watoto wake shuleni wanazungukwa na Kihispania kutwa nzima.

Kwanini kaskazini ni Embera na kusini ni Epera?

Hapa ndipo mpango wote unapopendeza. Vipasuo vitatu vipo kaskazini na vipo kusini, ila vile vya katikati vinatamkwa tofauti. Kaskazini cha katikati ni b, sauti yenye mghuno, yaani koo linatetemeka ukiitamka. Kusini, kwa Waepera wa Cauca na Nariño, cha katikati ni p kavu isiyo na mpumuo. Sasa kama p kavu ndio wameipa herufi p, ile yenye mpumuo wanaiandikaje? Wanaongeza h, inakuwa ph. Na ile ya kuvutwa ndani, kwavile b imebaki haina mtu, wanaiandika b tu bila mstari.

Kwahiyo kaskazini wana p, b, ƀ na kusini wana ph, p, b. Zisome kwa mpangilio huo huo, ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili.

Ukishalijua hilo mambo yanafunguka. Ẽbẽra kaskazini, Epera kusini. Usemi au lugha ni bedea kaskazini, ambayo wanaoandika mstari wanaiandika beđea, na kusini ni pedee. Angalia vizuri beđea na pedee: b imekuwa p kama tulivyosema, đ imekuwa d kama tulivyosema, kila herufi imekaa kwenye foleni yake. Nyumba ni de kaskazini, te kusini. Tatu ni ũbea kaskazini, õpee kusini. Hata kiambishi kinachomwonyesha mtenda, -ba kaskazini, -pa kusini. Mtu akiona "Epena Pedee" na "Ẽbẽra Bedea" anadhani ni makabila mawili yasiyojuana, kumbe ni jina lile lile limepita mito miwili.

Na onyo dogo, usimsahihishe mtu. Nimeona kwenye intaneti watu "wanarekebisha" Epera kuwa Embera wakidhani ni kosa la taipu. Jina kamili wanalojiita kule kusini ni Eperara Siapidara, p zao ziacheni.

Herufi nyingine zinasomwaje? j, ch, rr?

j ndio inayotuponza. Wamefuata Kihispania, kwahiyo j ni "h". Jua kwa Kiembera ni mkono, na inasomwa "hua", sio lile linalowaka angani. Jaibaná, mganga anayeshughulika na roho ziitwazo jai, ni "haibana". ch ni ch ya chai. Kuna r ya kugonga mara moja na rr ya kutetemesha ulimi, warra ni mwana, itetemeshe. y inasikika kati ya y yetu na j yetu kutegemea eneo. w, m, n, s, g kama mlivyozoea.

Silabi nyingi zinaishia na vokali kama za kwetu, kwahiyo kusoma kwa sauti hakuchoshi. Konsonanti zinazoshikana ni chache, kwa mfano dr kwenye drua, ardhi au kijiji.

Ina toni kama Kichina au Kiyoruba?

Haina. Ina mkazo tu, na baadhi ya tahajia zinauonyesha kwa mkwaju na nyingine haziuonyeshi.

Naona Ãcõrẽ sehemu moja na Ãkõrẽ sehemu nyingine, ipi ni sahihi?

Zote, ni jina la Mungu na ni tamko lile lile. Maandishi mengi ya kwanza yalitungwa na wamisionari na wanaisimu wao, walioona kwamba mtoto akishajua kusoma Kihispania apate urahisi, kwahiyo wakafuata c mbele ya a, o, u na qu mbele ya e, i. Baadae walimu Waembera wengi wakasema hapana, sauti moja iwe na herufi moja, tuandike k popote. Mimi niko upande wa k bila kigugumizi. Kumfundisha mtoto kanuni ya c na qu ndani ya lugha ambayo haikuwahi kuwa na sababu ya kanuni hiyo ni kumbebesha mzigo wa lugha nyingine. Ila ukinukuu chapisho la zamani, nukuu kama lilivyo.

Majirani zao Waguna wa Panama walipitia kitu kama hicho. Walipotengeneza upya alfabeti yao wakaona ile K ya mwanzo wa jina lao haiwakilishi wanavyotamka, jina likatoka Kuna likawa Guna, na 2011 eneo lao likaanza kuitwa rasmi Guna Yala. Kwahiyo msishangae ramani za zamani.

Nani anaamua? Hawana kama BAKITA?

Hakuna chombo kimoja cha Waembera wote. Sisi tulipata kamati ya lugha ya Afrika Mashariki 1930, ikachukua Kiunguja kikawa msingi, ikaamua tahajia, nchi zote zikafuata, na kama mnavyojua waliokuwa wanaongea Kimvita na Kiamu waliumia. Kiembera kiko nchi mbili kubwa na kipande cha tatu, kila nchi na wizara yake na sheria yake. Panama kuna Sheria namba 88 ya 2010 inayotambua lugha na alfabeti za watu wa asili na kuweka utaratibu wa elimu ya lugha mbili. Kolombia katiba ya 1991, kifungu cha 10, inasema lugha za makabila ni rasmi kwenye maeneo yao, na 2010 hiyo hiyo ikaja Sheria 1381 ya lugha za asili. Hizo zote zinatoa haki, ila hazimwambii mwalimu wa Risaralda aandike kama mwalimu wa Darién.

Mimi sioni haraka ya kulazimisha tahajia moja. Tofauti ya b na p niliyoielezea hapo juu ni tofauti ya kweli ya midomo, ukichagua moja utakuwa umemwambia mtu wa upande mwingine anaongea vibaya. Kinachohitajika kwa haraka ni kila jamii iweze kutaipu herufi zake bila kuhangaika.

Sasa nazitaipuje hizo herufi kwenye simu?

Hapa nitakaa kidogo. Njia rahisi niliyoiona ni kuongeza kibodi ya Kivietinamu. Ndio, Kivietinamu. Wao wanatumia kiwimbi kuonyesha toni na sio upuani, lakini herufi zenyewe ni zile zile ã ẽ ĩ õ ũ, na đ wanayo pia. Ukichagua mtindo wa Telex unaandika ex inakuwa ẽ, ax inakuwa ã, dd inakuwa đ. Zinabaki mbili tu ambazo Kivietinamu hakina, ƀ na ʉ. Hizo zikopi mara moja uziweke kwenye kamusi binafsi ya simu, uiambie kwa mfano ukiandika "bbx" iweke ƀ na "uux" iweke ʉ, basi.

Kwenye kompyuta yenye Word ya Windows unaandika namba ya herufi alafu unabonyeza Alt na X pamoja. ƀ ni 0180, Ƀ kubwa 0243, đ ni 0111, Đ kubwa 0110, ʉ ni 0289, Ʉ kubwa 0244. Kuna mtego: ukiwa katikati ya neno, tuseme unaandika beđea, umeshaandika "be" alafu ukaweka 0111 na Alt X, Word inaweza kudhani "be" nazo ni sehemu ya namba maana namba hizi zinatumia herufi a mpaka f, na kinachotoka hapo hukitaki. Dawa yake chagua zile tarakimu nne tu kwanza ndio ubonyeze. Kwenye Mac washa kibodi ya Unicode Hex Input, shikilia Option uandike tarakimu nne.

ʉ̃ ndio ngumu kidogo kwasababu haina herufi iliyo tayari kwenye Unikodi, ile orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta zinakotoka hizo namba, unaandika ʉ kwanza alafu unaweka kiwimbi kinachoelea, 0303, kinapanda juu yake chenyewe.

Si naweza kuandika b ya kawaida alafu nikaipiga strikethrough?

Usifanye hivyo tafadhali. Ule mstari ni pambo la programu, haumo ndani ya herufi. Ukikopi kwenda WhatsApp au kwenye tovuti unadondoka, inabaki b tupu, na hakuna atakayejua kama ilikuwa na mstari.

Na Đ nimeziona tatu zinafanana, nitumie ipi?

Kwa macho zinafanana sana zikiwa kubwa: Đ ya 0110, Ð ya 00D0 na Ɖ ya 0189. Zikiwa ndogo ndio zinaumbuka, ya kwanza inakuwa đ, ya pili ni ya Kiaislandi inakuwa ð, ya tatu ni ya Kiewe cha Ghana na Togo inakuwa ɖ. Yako ni ya kwanza. Kama una faili ambalo ukiligeuza kuwa herufi ndogo linatoa ð, ujue kuna mtu alichanganya huko nyuma, tafuta na ubadilishe zote.

Naona vibox vitupu badala ya herufi

Fonti yako haina. Ƀ na Ʉ kubwa ziliingia Unikodi 2006, herufi zao ndogo zilikuwepo kabla, ndio maana fonti ya zamani inaonyesha ndogo vizuri na kubwa inakuwa kibox. Tumia Charis SIL, Gentium au Andika. Hiyo Andika ni fonti ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, na ndio, jina lake ni Kiswahili chetu. Herufi zake ziko wazi sana, a na o hazichanganyiki, kwa vitabu vya watoto ndio ningeichagua.

Nikitafuta neno kwenye faili halitokei wakati naliona kwa macho

ẽ inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja au kama e na kiwimbi kinachoelea, machoni ni kitu kimoja ila kwa kompyuta ni viwili. Mwambie anayeshughulika na programu asawazishe maandishi yote kwenda mfumo wa NFC, unaounganisha herufi na alama yake kuwa kitu kimoja inapowezekana, kabla ya kutafuta. ʉ̃ itabaki vipande viwili hata hivyo, kwahiyo asiandike programu inayodhani herufi moja ni alama moja.

Mimi ni Mkikuyu, ĩ na ũ zetu si ndio hizo hizo?

Herufi kwenye kompyuta ni hizo hizo, kibodi yako ya Gĩkũyũ itakufaa kwa hizo mbili. Sauti sio hizo kabisa. Kwenu kiwimbi kinabadilisha ulimi unavyoinuka mdomoni, ĩ yenu iko karibu na e na ũ yenu karibu na o, puani hakuna kinachopita. Ukisoma ũbea kwa Kikikuyu utasema kama "obea", na Mwembera atasubiri umalize kikohozi.

Nikiandika makala ya Kiswahili niweke Emberá, Ẽbẽra au Waembera?

Waembera na Kiembera ndani ya sentensi ni sawa, viambishi vyetu vinakaa vizuri. Mara ya kwanza jina linapotokea weka pia wanavyoandika wenyewe, na angalia jamii unayoiandika ni ipi, kama ni ya Nariño basi ni Epera, usiwaite Waembera kwa mkumbo. Majina ya mahali yaache na alama zake, Chocó, Darién, Chamí.

Nimepata orodha ya maneno ya zamani haina alama hata moja, naweza kurudisha viwimbi na mistari mwenyewe?

Hapana, hata kama umejifunza kanuni zote zilizo humu. Kutoka b tupu huwezi kujua kama ilikuwa b au ƀ, na kutoka a tupu huwezi kujua kama ilikuwa ya puani. Anayejua ni anayeongea, tena wa mto ule ule orodha ilikotoka, maana ukimpa mtu wa Sambú orodha ya Risaralda atakurudishia Kisambú. Mpaka umpate, iache kama ulivyoikuta na uandike pembeni kwamba haina alama na imetoka wapi, ili atakayekuja baada yako asidhani hiyo ndio tahajia yao.